Laini Yote Ni Yako, Baba Jael

Baba Jael,

Wali uko kwenye friji. ~~Upashe moto kidogo.~~ Ule hivyo hivyo, baridi.

Ulilalamika kwamba mchezo wako wa kompyuta unakwama kila nikishika simu ya chumbani. Basi, simu hiyo nimeing'oa. Modemu sasa iko peke yake ukutani, intaneti haitakusumbua.

Asubuhi nilikuwa naongea na baba yangu, mgonjwa, kule Kisii. Kaka Josiah alikuwa amemshikia simu sikioni. Ndipo ukaja ukifoka, "Eish, Rhoda, toka kwenye laini, wenzangu wananisubiri mchezoni!" Ukachomoa waya.

Nilikuomba. Ukasema, "Mzee wako kila wiki anakufa."

Ulipomaliza kucheza ndipo nikapiga tena. Josiah akaniambia, "Ameshatuacha, dada. Alidhani umemkatia."

Wewe uliingia kuoga ukipiga mluzi.

Ninakwenda kumzika, na Jael ninaye. Takataka hutolewa Jumanne, usisahau. Msibani usije. Kaka zangu waliuliza nani alikata simu, nami nimewaambia.

Mama Jael