Tundu la Uzio wa Ghala

Urali, 14 Oktoba 1996

Dada yangu Raisa,

Soksi ulizotuma zimefika, zimenikaa vizuri. Kabichi nimeshaitia chumvi, na theluji ya kwanza imeanguka.

Serikali imetoa fedha za kuimarisha ulinzi wa ghala la mabomu ya nyuklia, pale ninapokagua lakiri, ile mihuri ya milango. Wakaguzi walipokuja kuuliza kinachohitajika, kamanda aliwajibu, "Hapa kila kitu shwari." Mimi nikasema, "Uzio wa nyuma una tundu. Watu hupita hapo kwenda kuchuma uyoga." Nikawapeleka, wakaliona.

Dada, mkuu wa walinzi wa uzio huo ni Rodion, mume wangu. Aliomba waya mara tatu, hakupewa, akanyamaza. Sasa amevuliwa cheo. Siku alipovuliwa aliniuliza, "Klavdia, hukuweza hata kuniambia kwanza?"

"Ningekuambia, ungenizuia."

Akahamia kwa mama yake.

Uzio mpya umesimama, una taa na kamera. Wenzangu kazini wananisalimia shingo upande. Hofu ya mabomu imenipungua, lakini usingizi sina.

Jana Rodion alikuja kuchukua koti la baridi. Nikamwambia, "Supu iko mezani." Alisimama mlangoni kitambo, kisha akavua buti. Alikula bakuli la kwanza, akalimaliza. Nilipomwongezea la pili, akasema bila kuinua macho, "Ni kweli. Ningekuzuia."

Koti bado limetundikwa hapa.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Klavdia