Nilimshuku Mdakaji Wangu

Jumanne, mjini Baraka. Upepo wa ziwani umepuliza vumbi mchana kutwa, na mimi nimeshinda na moyo mzito.

Nimefanya jambo baya. Acha niliandike kabla sijalitafutia sababu nzuri.

Mimi ni mrushaji wa timu yetu ya sofboli ya wanawake. Mchezo huu niliujifunza utotoni, kambini Tanzania tulikokimbilia wakati wa vita, nikarudi nao nyumbani. Mkono unauzungusha duara zima, mpira unatokea chini, karibu na paja. Silaha yangu ni mpira wa polepole: mpigaji anasubiri wa mbio, anapiga hewa.

Wiki tatu zilizopita timu ya mji wa Mboko haikupiga hewa. Kila nilipotupa wa polepole, walikuwa wanausubiri.

Nani aliwaambia?

Ishara zetu tunazijua wawili tu: mimi na Riziki, mdakaji wangu, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kunionyesha kwa vidole nirushe upi. Na Riziki siku hizi anakwenda Mboko kila Jumamosi. Sikumwuliza anafuata nini. Nilianza kumchunga. Simu yake ikilia, natega sikio. Akikaa kimya, nasema moyoni: anapanga.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Kocha Amisi, nikamwomba amtoe kwenye timu. "Anatuuza," nilimwambia. Alikuna kidevu, akaniita uwanjani tu. "Kuya mazoezini, mama. Tutaona."

Saa tisa alitupanga upya. Mwenzetu mwingine akavaa kinyago cha kudaka, Riziki akapewa gongo la kupigia. Nilitakiwa nirushe nipendavyo, bila ishara yoyote, naye ataje aina ya mpira kabla haujaniponyoka.

"Ya mbio," alisema Riziki. Kweli.

"Ya polepole." Kweli.

"Ya polepole tena." Kweli.

Hata hapo nilidhani kuna ujanja, labda huyo mdakaji mpya anampa dalili. Nikageuka kumkazia macho. Ndipo Kocha, aliyesimama mbali pembeni, akaanza kutaja na yeye. Hakukosea.

"Ni we mwenyewe njo unatuambia, mama," alisema. "Ukitaka ya polepole, mukono inaingia sana mu glavu, na kiwiko inatoka inje. Hata mi niko naona toka huku."

Miaka yote hii ya kurusha, na msaliti ni kiwiko changu.

Kocha akanipigisha goti moja chini, karibu na mdakaji, glavu nimeibana tumboni. Kila mpira nianze kuushika kama wa polepole, kisha nibadilishe vidole ndani, kiwiko kisitikisike. Tena. Tena. Bega likawaka moto. Mwishowe nikasimama, nikarusha, na Riziki akawahi kupiga. Hewa!

"Njo hiyo, yaya!" alipiga kelele, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake, akaruka kwa furaha.

Furaha yake iliniumiza kuliko bega.

Tulipokuwa tunaokota mipira alinisogelea. "Yaya, juu ya nini Kocha ameniuliza niko nafanya nini Mboko?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikaribia kusema sijui.

"Ni mimi nilimwambia. Nilisema unatuuza."

Hakupandisha sauti. "Dada yangu iko mugonjwa kule. Hapendi batu bajue. Ungeniuliza tu, yaya."

Aliweka gongo chini, akaenda zake. Sisi hurudi pamoja kila siku hadi sokoni. Leo nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona.

Nikiri na hili pia: ninavyoandika hapa, kuna kisauti kinaniuliza, huyo dada ni mgonjwa kweli? Kiwiko kimerekebishwa kwa mchana mmoja. Hiki kisauti sijui zoezi lake.

Asubuhi nitakwenda kwao kwanza, kisha kwa Kocha, nikafute maneno yangu. Riziki ana haki ya kukataa kunidakia. Nitakwenda hivyo hivyo.