Televisheni Ilikataa Kuiona Deki

Mbuba, Jumanne

Saa nzima televisheni ilikataa kuiona deki ya video, na huku petroli inaungua. Hadi sasa najikasirikia mwenyewe.

Esperansi alitembea kutoka kambi ya wakimbizi ya Benaco na kanda ya harusi ya dada yake, kwa sababu alisikia nina deki na jenereta. Mwanawe aliyepotea njiani wakati wa kukimbia yumo kwenye kanda hiyo. "Mwalimu, nimeanza kuisahau sura yake," alisema.

Nilizungusha kitufe cha chaneli mbele na nyuma. Chenga tupu. Nikasafisha deki, nikaanza upya. Kumbe waya ya nyuma ilikuwa imelegea tu. Nilipoikaza, harusi ikatokea.

Hakutabasamu. Aligusa kioo kwa kidole. "Huyu alikufa. Huyu alikufa. Na dada yangu pia, huyo bibi harusi." Halafu mtoto akapita mbio, ameshika chupa ya soda.

"Huyu wangu sijui kama yu hai," alisema. "Rudisha, nimwone vizuri."

Kabla sijabonyeza, jenereta ikazima. Petroli imekwisha, na hapa Mbuba hakuna mwenye nayo.

Alinishukuru kwa mikono miwili, akaondoka. Laiti ningeangalia waya kwanza.