Tope kwa Tope

Jumapili, 9 Juni

Vimekufa vyote. Safu kumi na mbili! Nimeng'oa kimoja kimoja: majani ya manjano, na chini ukungu mweupe kama unga wa ngano, na vidoti vyeusi kama mbegu za haradali. Uozo mweupe. Udongo ukishaupata, miaka ishirini hauotishi tena kitunguu saumu. Nina miaka sitini na mbili.

Vitunguu vya Mama. Alirudi navyo kutoka uhamishoni Siberia, vichwa vitatu ndani ya soksi, mimi sijazaliwa. Kila vuli tunapanda punje zake, kila kiangazi tunavuna. Mimi ndiye niliyemuuguza Mama miaka kumi na moja. Dada yangu Vaike alikuja Krismasi tu, na keki ya dukani. Sasa vimebaki kwake tu.

Na ni yeye aliyeniletea uozo huu! Septemba alikuja na mashine ya kulimia, ameiazima kwa wakulima wa vitunguu kule ziwani Peipsi, magurudumu yamevaa tope lao. Nikamwambia, dada, tuioshe kwanza. Akanicheka. "Tope ni tope, Helju! Acha kujitia profesa." Akalima kwangu, akairudisha. Kwake alikuwa ameshalima kwa jembe.

Jumatano, 12 Juni

Dukani. Vaike kanitangulia. Anamwambia muuzaji, mbele ya watu, kwamba nimeviozesha mwenyewe kwa maji. "Mdogo wangu huyu angeweza kuua hata magugu." Wakacheka. Mimi pia nikacheka! Mjinga mimi. Nimerudi nyumbani bila maziwa.

Nataka alie. Nimeliandika, basi. Nataka nimwone Vaike amepiga magoti kwenye safu zake akilia.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepata. Sijui kwa nini sikuwaza mapema.

Gambuti zangu za kijani. Nimekanyaga palepale vilipoozea, nimelowesha, nimekanyaga tena mpaka nyayo zikajaa. Zimesimama bandani zinakauka. Hatakuwa navyo yeye kama mimi sina. Tope ni tope, dada.

Jumatatu, 24 Juni

Sikukuu ya Yohana. Ukoo mzima kwa Vaike: soseji, bia, saladi ya viazi, kuni za moto wa usiku zimerundikwa tayari. Mvua ilinyesha asubuhi, basi nani atauliza kwa nini nimevaa gambuti?

Saa tisa mchana wako wote kwenye jiko la mkaa. Wala sikuhitaji kunyemelea. Yeye mwenyewe akanituma! "Nenda Helju, ukaone vitunguu vilivyotunzwa."

Nikaenda. Safu ishirini. Nimepita kati ya kila safu, kwenda na kurudi, nikikandamiza kisigino. Vimestawi, Mungu wangu, vimestawi. Vikonyo vya maua vimeshatoka katikati, vimejipinda kama mikia ya nguruwe. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Mwisho wa safu ya ishirini nilipangusa nyayo vizuri kwenye majani ya shina la mwisho, hii moja, hii ya pili.

Nikarudi nikala soseji tatu.

Jumanne, 25 Juni

Nimelala kama mtoto mchanga. Sijuti. Nimemwaga kahawa mara mbili leo, lakini kikombe kile kina mkono mbaya.

Alhamisi, 27 Juni

Leida kapita. Huyu alikuwa bwana shamba — bibi shamba! — wa shamba la ushirika enzi zile, na bado anavuta sigara kama dereva wa lori. Kaangalia bustani yangu, katema mate.

"Sasa unalia nini? Kwa Vaike udongo safi. Mwombe vichwa viwili, upande kwangu, yaishe."

Halafu nikauliza, hivi hivi tu: je, kama na kwake si safi?

"Basi vichwa usiguse, vimelala udongoni. Chukua vya juu. Kikonyo ukikiacha bila kukata, mwezi wa nane kule juu nchani kinakuwa na vipunje mia, vidogo kama ngano. Havijawahi kugusa udongo. Ukivipanda mahali safi, baada ya miaka mitatu una vitunguu vya mama yako, vilevile." Akaniangalia kupitia moshi. "Kwa nini kusiwe safi?"

Nikasema ni swali tu.

Lakini Vaike haachi hata kikonyo kimoja! Anavikata vyote ili vichwa vinenepe, na vikonyo anavisaga na mafuta, anatia kwenye chupa za kuuza. Kesho. Kaita wanawake watano wasaidie, na mimi.

Kesho wakikata, vitunguu vya Mama vimekwisha duniani. Nimeviua mimi. Si yeye — mimi!

Ijumaa, 28 Juni

Naandika chooni kwa Vaike, choo cha nje, daftari kwenye goti. Komeo nimefunga.

Nilifika saa mbili, nimevaa raba. Walikuwa wameshaanza. Nikamwambia dada, niachie safu moja usikate.

"Ya nini?"

Nipande vipunje vya juu, nikasema.

"Miaka mitatu yote hiyo? Acha wazimu. Julai nakupa kikapu kizima cha vichwa, nilishakutengea. Ila usije ukaviua tena!" Wanawake wakacheka. Na vuli hii, akasema, anavipanda eneo lote mpaka kwenye uzio.

Nikasema hapana, sitaki vichwa, nataka vikonyo.

"Kwa nini, Helju?"

Visu vyote vikasimama. Nikasema nimebanwa, nikakimbilia huku.

Nitasema nini? Nimeota ndoto? Mama kanitokea? Leida kasema? Vaike atampigia Leida papo hapo. Na bado namchukia! Nikifikiria kile kicheko cha dukani, natamani kukanyaga tena. Angeosha tu ile mashine. Ndoo mbili za maji!

Nawasikia wanakata. Tak. Tak. Na wanaimba. Safu ya ngapi hii? Kumi na nne? Kumi na tano?

Mtu anakuja. Hatua. Ni Vaike, najua anavyoburuta mguu wa kushoto.

Anagonga. "Umekufa humo?"

Nimeshika komeo.

"Helju. Nimewaambia wasubiri. Imebaki safu ya mwisho." Sauti ndogo, si ile ya dukani. "Niambie kwa nini, au nawaambia wamalizie."

Naona ncha za viatu vyake chini ya mlango. Vimejaa tope la safu zile, tope nililolileta mimi.