Alama nilizomaliza kwa tupa

Mji wa Baraka, Jumapili. Mvua inapiga bati tangu asubuhi, na misa sikuenda. Niko na hasira.

Alhamisi nilikuwa Lulimba na Wilondja, mwenzangu wa kazi, mwenye mashine ya kutafutia dhahabu. Mashine ikalia karibu na kambi ya zamani ya Bazungu. Nikachimba, nikatoa kisahani cha manjano, kidogo, chenye tundu juu. Hakina namba, hakina herufi, hakina hata sura ya mufalme.

Wilondja akasema nikikate pembeni tuone rangi ya ndani. Bachimbaji bote tunafanya hivyo, maana dhahabu ya uongo inajionesha pembeni. Nikashika tupa, nikasugua mzunguko wote. Hapa na pale tupa ilikuwa inakwama, nikakaza mkono mpaka ikapita. Kumbe shaba tu! Tukacheka, nikatia mfukoni.

Nilicheka, mi mupumbafu.

Jana nikamupa koko, mama wa mama yangu, akiangalie. Macho yake yamechoka, anaona kwa vidole. Akagusa tundu, akaanza kusema. Visahani vile vilikuwa vya babebaji mizigo wa kambi. Bachimbaji balikuwa na namba, baliandikwa kitabuni. Babebaji hawakuandikwa popote: mutu alivaa kisahani kitupu shingoni, jioni akakionesha apimiwe unga. Baba yake alikuwa mubebaji. Mara ya mwisho alienda Lulimba, hakurudi tena, na mpaka leo kaburi yake haijulikane.

Kwa sababu vyote vilifanana, kila mutu alikata alama yake pembeni kwa kisu. Baba yake alikata tatu, moja kwa kila mutoto.

«Ile ya tatu njo mi, mutoto wake wa mwisho,» koko akasema. «Alinishika kidole, akakiweka pale.»

Akaanza kuzungusha kidole pembeni. Akazungusha tena.

«Mbona iko laini?»

Nikamwambia udongo uliikula. Ndiyo, nilimudanganya koko wangu, mwanamuke wa miaka zaidi ya makumi nane, nikiangalia vidole vyake vinatafuta.

Nikatoka nje, nikamupigia Wilondja simu, nikamutukana matusi yote ninayojua. Akaniacha nimalize. «We njo ulishika tupa, si mi,» akasema, akakata.

Ni kweli, na ukweli huo unanichoma kuliko matusi. Nawachukia pia bale Bazungu: kupima unga balijua, kuandika jina la mutu ikabashinda! Lakini bale hawakufuta alama. Baba wa koko alijiandika mwenyewe, kwa kisu, na ikadumu ndani ya udongo miaka yote hiyo, mpaka nikafika mi na akili yangu ya dhahabu.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Ameuliza kitu kimoja tu:

«Alama zilikuwa ngapi, mbele ya kuzimaliza?»

Sikuangalia. Mi ninayehesabu punje za dhahabu zisizoonekana, sikuangalia! Koko amechana kipande cha kitenge, amekivaa kisahani shingoni. «Kama si ya baba yangu,» anasema, «iko ya baba ya mutu.»

Mvua haijakatika. Nimekaa hapa na ile tupa, nasugua jiwe, nafunga macho, nataka mkono ukumbuke.

Ilikwama mara mbili? Mara tatu?

Mkono wangu, sema.