Mto Ulioandikwa Barabara

Jumanne, 3 Septemba 1974
Mjini Kitui, kununua ugoro. Salim wa duka amenifungia kwa kipande cha ramani ya zamani, ya mkoloni. Ofisi ya serikali ilitupa mzigo mzima, yeye akaokota. Nyumbani nafungua: kumbe ni kwetu. Kilima kile, na mto wetu kwa rangi ya buluu. Nyumba hakuna hata moja. Leo mji umetufikia mlangoni.

Alhamisi, 5 Septemba
Vigingi vimepigwa kando ya mto, huku na huku. Mke wangu Mbithe ameuliza kama ni vya hema la harusi. Si harusi. Afisa wa ardhi amechora ramani mpya ya mji, na mto wetu ameuandika barabara. Alikuja kiangazi, akaona mchanga mpana, kinyesi cha ng'ombe na alama za magurudumu. Basi, barabara. Mjinga mwenye tai shingoni. Mchanga huo ndio tunaochimba kiangazi tukapata maji ya kunywa. Jumatatu wataujaza changarawe, na kisima chetu kitazikwa. Nimekasirika mpaka ugoro hauna ladha.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimempelekea afisa karatasi yangu. Nimemwonyesha buluu. Ati ramani hiyo imezeeka. Hata mimi nimezeeka, lakini sijawahi kuita mto barabara. "Pole mzee, nenda nyumbani." Pole ya nini? Sijafiwa.

Jumapili, 8 Septemba
Mchungaji amemshukuru Mungu kwa barabara. Watu wote amina. Na chai ya baada ya ibada imepikwa kwa maji ya hiyo hiyo barabara. Kwenye sala sikufumba macho.

Jumatatu, 9 Septemba
Trekta limezama mchangani. Afisa amesukuma akiwa na tai yake mpaka koo likakauka. Akaomba maji. Mbithe akampa kibuyu. Akanywa, akaongezwa.
"Matamu, mama. Ya wapi haya?"
"Ya barabara yako, kijana."
Dereva alicheka kwanza. Afisa akaenda kuchungulia shimo letu la maji, akakaa hapo akiangalia. Halafu akaniomba ile karatasi. Nikampa. Ilikuwa na ugoro kwenye mikunjo. Amepiga chafya mpaka machozi. Sikumwonya.

Jumamosi, 14 Septemba
Vigingi vimeng'olewa. Viwili Mbithe amechemshia chai. Karatasi yangu haijarudi, ugoro nimefunga kwa kitambaa. Ramani yao sasa inasema nini, sijui. Asubuhi nimeshuka mtoni, nimechimba kidogo, nimekaa. Maji yamepanda polepole.