Jina la Aliyeporwa

Alhamisi, Xiaobei

Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mchana mgahawani, huku ugenini tunakofuata bidhaa, Mturuki mmoja mnunuzi wa jinzi, aliyejifunza Kiswahili Kariakoo, alitusimulia habari za maefe, majambazi wa milimani kwao. Walipora misafara ya wafanyabiashara, wakatumia mali hiyo kuwaozesha mabinti mayatima. Mpaka leo wanaimbwa. Meza nzima tukashangilia, wafanyabiashara watupu!

Nikamuuliza, "Na walioporwa waliitwa nani?"

Akacheka. "Dada Rukia, nani amwimbe mwenye duka?"

Baba yake bibi yangu aliuawa njiani akiwa na mzigo wake wa vitambaa. Jambazi aliyemuua tulimwigiza utotoni, kila mtoto akigombania kuwa yeye. Jina la babu huyo imebidi nimpigie mama simu.

Mama naye halijui.